Mbuzi wa Wilaya ya Saba

Jaji aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole viwili, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, kisha akamuuliza wakili wa utetezi muhuri ule ulikuwa wa nani.

"Wa Idara ya Vizazi na Vifo, Mheshimiwa," alijibu wakili, kijana aliyepewa kesi na mahakama. "Ya jamhuri ya... ya upande wa pili."

"Jamhuri ipi?"

Hapakuwa na mtu mle ukumbini asiyekuwa na shangazi au rafiki wa shule upande wa pili. Wote walijua kwamba miaka ishirini na miwili iliyopita Wilaya ya Saba ilishusha bendera moja ikapandisha nyingine, ikachagua rais, ikachapisha stempu, ikaunda hata timu ya mpira ambayo mpaka leo haijapata wa kucheza naye. Na wote walijua kwamba hakuna serikali hata moja duniani iliyokubali kuitambua.

Wakili wa Serikali hakujisumbua hata kusimama wima. "Mheshimiwa, asiyekuwepo na lake halipo. Nchi hiyo haipo. Isiyokuwepo haina idara, haina muhuri, na haiwezi kutoa kibali cha mazishi. Hii ni karatasi tupu yenye wino."

"Karatasi haitapokelewa," alisema Jaji. "Kesho saa tatu kamili asubuhi natoa hukumu. Mwenye kitu kingine alete kabla ya hapo."

Kwenye benchi la nyuma alikaa Inspekta, mpelelezi wa kesi, kofia yake mapajani. Yeye ndiye aliyemkamata mshtakiwa. Miezi mitatu iliyopita, siku ya Jumanne saa nane mchana, mwenye duka la miwani aliuawa ndani ya duka lake; alipigwa kichwani kwa kinara cha chuma na kabati la vioo likavunjwa. Chini ya meza ilikutwa bisibisi ndogo ya Fundi Saa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye wiki nzima walikuwa wametupiana maneno kwa sababu ya bango la duka. Alhamisi mchana Fundi alirudi kutoka alikokuwa amekwenda, na Inspekta akamngoja mlangoni na pingu. Fundi alisema alikuwa upande wa pili akimzika mama yake. Hakuna aliyemsikiliza, na Inspekta alikuwa wa kwanza kutomsikiliza.

Kisha maabara ikaleta majibu yake, yamechelewa kama kawaida yao. Damu kwenye vioo haikuwa ya marehemu, ingawa ilikuwa imeharibika mno kusema ni ya nani. Muuaji alijikata mkono, tena jeraha la kina. Inspekta alisoma sentensi ile mara mbili, kwa sababu Alhamisi ile yeye mwenyewe alivishika vidole kumi vya Fundi kimoja kimoja akavikandamiza kwenye wino. Viganja vilikuwa vizima. Havikuwa na hata mkwaruzo wa paka.

Alilipeleka hilo kwa Wakili wa Serikali, akajibiwa kwamba kadi ya polisi ni ya vidole, si ya viganja, na kumbukumbu ya Inspekta si kielelezo.

Walipotoka ukumbini, mke wa Fundi alimsubiri barazani. Hakupiga kelele. Alimshika Inspekta mkono kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetoa salamu za msibani.

"Dada," alisema, "wewe ndiye uliyekuja kumchukua. Nilikufungulia mlango mwenyewe. Kwa kosa hili wananyonga, nimeuliza. Sasa mimi nimwendee nani, kama si aliyemchukua?"

Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi.

*

Mwanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje aliitwa Bwana Kifungu, kwa sababu hata akiulizwa choo kiko wapi alitaja kifungu cha ngapi. Chumba chake kilitazamana na ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Saba. Ndiyo, wilaya ilikuwa bado na mkuu wake. Alikuwa na meza, katibu muhtasi na ramani ukutani, na hakuwa amekanyaga wilaya yake hata siku moja.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta mlangoni.

"Marahaba. Kaa. Ni ile karatasi ya mazishi, eh? Habari imekutangulia."

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyesoma sheria. Kwa nini nchi ile haipo, na kila siku naona bidhaa za viwanda vyao sokoni?"

Bwana Kifungu alivua miwani. "Nchi ni mtu. Si kama mimi na wewe. Mtu wa kisheria. Anaahidi, anadai, anashtaki, anashtakiwa, anaandikiwa barua na anajibu. Ili awe mtu atimize mambo manne. Awe na watu, awe na ardhi, awe na serikali iliyoshika hatamu, na aweze kushughulika na wenzake."

"Kule wamekosa lipi?"

"Matatu wanayo. La nne ndiyo kasheshe. Wanasalimia mtaa mzima, hakuna anayeitikia."

"Mtu asipoitikiwa salamu, si kwamba hayupo."

"Wapo wataalamu wanaosema hivyo hivyo. Kwamba nchi ikitimiza mambo yake imeshazaliwa, kutambuliwa ni heshima tu. Wengine wanasema bila kutambuliwa hujazaliwa. Wanabishana tangu babu yangu hajaoa, mwanangu. Lakini mwajiri wangu ana jibu moja, nami nala kwake."

"Hakuna hata upenyo?"

"Upo, mwembamba. Mahakama kubwa ya dunia iliwahi kusema, katika kesi ya eneo jingine kabisa, kwamba raia wa kawaida wasiumizwe. Vizazi, ndoa na vifo vikiandikishwa mahali kama pale, visipuuzwe."

Inspekta alisogea mbele mpaka kiti kikalia. "Basi hiki ni kifo!"

"Cha nani? Cha bibi. Nakubali bibi amekufa, Mungu amrehemu. Kwamba mwanawe alikuwa makaburini na si dukani kwa mwenye miwani, hilo halimo katika vizazi, wala ndoa, wala vifo."

"Basi nitakwenda mpakani, nimuulize afisa aliyemwona akipita."

"Mpaka upi?" Bwana Kifungu alivaa miwani yake tena. "Nchi haiwezi kuwa na mpaka katikati ya tumbo lake. Pale hatuna uhamiaji wala forodha. Tukiweka hata dirisha la pasi tumekiri. Pana kituo cha ukaguzi wa mifugo, basi, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Na usije ukajaribu kuvuka. Waraka unasema mtumishi wa umma atakayevuka amejifukuza kazi tangu hatua ya kwanza. Hakuna barua, hakuna rufaa."

"Wananchi wanavuka kila siku."

"Wananchi hatuwaoni. Funika kombe mwanaharamu apite."

Inspekta alishuka ngazi hatua mbili mbili. Chini kwenye gari alimkuta Koplo, dereva na msaidizi wake kwa miaka tisa, mtu mnene mwenye watoto sita na mzaha wa kuwalisha wote.

"Washa gari," alimwambia. "Koplo, umewahi kuona kizuizi cha serikali kisichokuwa na daftari?"

"Afande, hata jenereta la kituoni kwetu lina daftari, na lenyewe liliibwa."

"Twende kwenye mifugo."

*

Walifika saa nane, jua likiwa bado kali utosini. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha bati, boma la miti, josho la saruji na mti wa chuma uliolazwa kukata barabara. Upande wa huku bango liliandikwa Ukaguzi wa Mifugo. Hatua mia tatu mbele, nyuma ya kizuizi kingine, ilipepea bendera ambayo Inspekta hakutakiwa kuiona. Katikati ya vizuizi viwili hapakuwa na kitu ila vumbi.

Foleni ilikuwa ndefu. Akina mama wenye mabegi, wazee wenye bahasha za hospitali, msichana mwenye gauni la harusi ndani ya mfuko wa nailoni. Hapakuwa na mnyama hata mmoja.

Bwana Mifugo alikaa nyuma ya meza amevaa koti lililokuwa jeupe zamani. Alipoona nyota mabegani mwa Inspekta alisimama haraka, na foleni ikatawanyika kama kuku walioona kivuli cha mwewe.

"Karibu, mama. Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kuuliza. Hapa wanapita watu wangapi kwa siku?"

"Watu? Hapa hapapiti watu, mama. Hapa ni mifugo."

"Leo wamepita mifugo wangapi?"

Aliangalia daftari lake kubwa. "Mia moja na tisini na mmoja."

"Ng'ombe?"

"Hakuna. Mbuzi watupu."

"Hata kondoo mmoja?"

"Kondoo hawaipendi njia hii."

Koplo alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Alitoka nje, akalizunguka josho mara mbili, akainama, akachota mchanga wa njiani kwa mkono akauacha upite kati ya vidole. Kisha alirudi akasimama mbele ya meza.

"Bwana Mifugo, mimi nimelelewa zizini. Mbuzi watano tu wakipita mahali, viatu vyako vitakuambia. Josho lako limekauka mpaka buibui wamehamia. Na chini pale sijaona punje moja ya kinyesi. Mbuzi mia na tisini na mmoja tangu asubuhi, wote wamefunga choo?"

Bwana Mifugo alikaa. Alikaa polepole, kama anayeogopa kiti kitamtoroka.

"Kila anayepita lazima aandikwe," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nilipeleka swali makao makuu mwaka wa kwanza: watu niwaandike wapi? Nikajibiwa hakuna watu wanaopita pale, fuata fomu yako. Fomu yangu ni ya mifugo. Ng'ombe anahitaji chanjo na cheti, ningeulizwa vyeti. Mbuzi haulizwi kitu."

"Nipe la Jumanne ile." Alimtajia tarehe.

Bwana Mifugo alilifungua daftari lililotangulia akamgeuzia. Safu zilikwenda sawasawa: saa ya kutoka, idadi, jinsia, umri kwa meno, alama, saa ya kurudi, hali. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyepigwa fimbo shuleni kwa ajili ya mwandiko.

"Kwa nini uliandika alama?"

"Kanuni. Aliyetoka ndiye arudi, asije mwingine na ugonjwa. Kwa hiyo natazama. Nawasalimia, wanatabasamu, naona meno, naandika."

Inspekta alishuka na kidole mstari kwa mstari. Mbuzi jike, mjamzito. Mbuzi jike, mkongwe, jicho moja. Beberu, kijana, anaumwa jino. Kisha kidole kikasimama. Saa mbili na robo asubuhi. Beberu mmoja. Meno yote. Alama: mvi kidevuni, anachechemea mguu wa nyuma wa kulia, amevaa saa za mkono tatu, mguu wa mbele wa kushoto. Kurudi: Alhamisi asubuhi. Hali: macho mekundu, amelia.

"Koplo," aliita. "Fomu ya mali za mahabusu. Ile ya Fundi. Imo ndani ya faili."

Koplo aliisoma kwa sauti: "Mkanda mmoja. Leso moja. Saa za mkono tatu. Saini ni yako, afande."

Mafundi saa wote hufanya hivyo. Saa ya mteja huvaliwa siku mbili tatu kuona kama inakwenda, ndipo irudishwe. Inspekta alizivua zile saa mkononi mwa Fundi kwa mkono wake na hakujiuliza kitu. Wakati mwenye miwani anauawa, Fundi alikuwa upande wa pili tangu asubuhi, na aliyeandika hivyo ni serikali yenyewe, kwenye daftari lenye nembo yake.

Aligeuza ukurasa. Jumanne ile ile, saa kumi na moja jioni: Beberu mmoja, kijana, mnene. Pengo la mbele juu. Mguu wa mbele wa kulia umefungwa kitambaa, damu mbichi. Kurudi: palikuwa patupu.

Pengo lile alilijua. Dukani kwa marehemu ukutani kulikuwa na picha, marehemu na shemeji yake aliyekuwa akimsaidia kazi, wote wawili wanacheka. Familia ilisema shemeji alisafiri wiki ile kutafuta maisha. Hakuna aliyemtafuta, maana polisi walikuwa tayari na mtu wao.

"Unaona, Bwana Mifugo? Utakuja kesho mahakamani na daftari lako. Utasema neno moja tu, kwamba hawa ni watu."

"Siwezi, mama."

"Mtu atanyongwa!"

"Nimesikia. Usiku huu sitalala, na sidhani kama nitalala kesho." Aliifunika kalamu yake. "Lakini nikisema ni watu, nimesema nimeghushi rekodi ya serikali miaka ishirini na miwili, nami nastaafu baada ya miezi minne. Tena nikisema ni watu, nimesema pana mpaka. Nikisema pana mpaka, nimesema kuna nchi. Mimi natibu mbuzi tu, mama. Sina cheo cha kuumba nchi."

Inspekta alimpigia simu Wakili wa Serikali, akamweleza yote bila kupumzika.

"Unampigia mbuzi gitaa," alijibu Wakili. "Daftari linasema mbuzi, na mahakamani litasomwa mbuzi."

"Nitaapa mimi. Nitasimama hapa nione anavyoandika."

"Ukiona kwa pembeni, atasema alikuwa anamwandika mbuzi aliyetangulia. Niletee mtu mmoja aliyeandikwa yeye mwenyewe humo ndani. Aje na alama zake mwilini, aape mbele ya Jaji kwamba yule mbuzi ni yeye. Mmoja tu. Ukinipatia huyo, mashtaka nayafuta kwa mkono wangu. Sina haja ya kumnyonga mtu asiye na kosa, lakini sina mahali pa kushika."

Alikwenda kwenye foleni, ambayo ilikuwa inajikusanya tena. Alizungumza nao mmoja mmoja. Kuvuka lilikuwa kosa, na wote walilijua kosa hilo kama wanavyozijua nyumba zao. Mama mwenye bahasha ya hospitali alimtazama moja kwa moja.

"Mimi sijaenda popote, mwanangu. Nimekaa kivulini tu."

Hapakuwa na kivuli. Mzee wa nyuma yake naye alikuwa kivulini, na msichana wa gauni la harusi pia. Inspekta aliwaomba, kisha akawabembeleza, kisha akajikuta anawafokea, akaacha kwa aibu. Wangeweza vipi kumwamini mtu mwenye pingu kiunoni?

Saa kumi kasoro dakika ishirini alirudi kwenye gari. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Nitavuka mimi," alisema Koplo. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Una watoto sita."

"Na wewe una miaka kumi na tisa kazini."

"Fundi nilimfunga pingu mimi, Koplo. Si wewe."

Alijaza hati ya kukamata kielelezo, kila mahali isipokuwa saini. "Nikirudi, mimi si polisi. Hati hii utaisaini wewe. Daftari utalibeba wewe. Sasa andika kwenye kitabu chako saa nitakayovuka, na usimame pale ninapoonekana."

Alivua nyota mabegani moja baada ya nyingine akazitia kwenye kiganja cha Koplo. Akavua mkanda wenye pingu, akavua kofia, akatoa kitambulisho. Kisha akaenda akasimama mwisho wa foleni. Walio mbele yake waligeuka, wakatazamana, halafu mmoja mmoja wakasogea pembeni wakampisha.

Bwana Mifugo alipomwona mbele ya meza aliinua mikono. "Mama, tafadhali. Usinifanyie hivi. Rudi."

"Unanizuia kwa sababu gani? Watu hawaruhusiwi kupita hapa?"

Bwana Mifugo aliitazama fomu yake. Akisema watu hawaruhusiwi, amekiri kuna watu. Akisema wanaruhusiwa, amekiri zaidi. Kwa miaka ishirini na miwili fomu yake ilikuwa na njia moja tu ya kumtendea mtu aliyesimama mbele yake. Alichukua kalamu.

"Saa kumi kasoro dakika tano," alisema huku akiandika. "Mbuzi mmoja. Jike. Tabasamu, mama."

Inspekta alijaribu. Haikuwa tabasamu, lakini meno yalionekana.

"Meno yote. Alama?"

"Andika unachokiona."

Alimtazama kwa makini, kwa macho ya mtu anayeijua kazi yake. "Kovu chini ya jicho la kushoto," aliandika. "Mabegani, matundu mawili mawili, mapya."

Mti wa chuma uliinuka. Koplo, kwa mazoea, alipiga saluti, akakumbuka, akaushusha mkono na kujifuta nao uso.

Hatua mia tatu ni kidogo kwa mtembea kwa miguu. Inspekta alizihesabu zote. Upande wa pili alikuta kibanda cha bati kama kile alichokiacha, na ndani yake afisa mwenye sare iliyopigwa pasi sana.

"Karibu katika jamhuri," alisema afisa. "Jina lako kamili?"

Inspekta alilitaja. Lilimtoka kwa taabu. Hakuna aliyemuuliza jina kutwa nzima. Afisa aliliandika herufi kwa herufi, akauliza kama ameliandika sawa.

"Kazi?"

"Nilikuwa polisi. Mpaka dakika tano zilizopita." Aliinamia meza. "Ndugu yangu, Jumanne ile jioni alipita mtu mnene, ana pengo, mkono wa kulia una jeraha."

Afisa hakuhitaji kutafuta sana. Jina la shemeji lilikuwamo, na anwani, na nyumba ya wageni, ile yenye madirisha ya bluu iliyoonekana kutoka pale mlangoni. Kwenye ukurasa ule ule, asubuhi yake, lilikuwamo jina zima la Fundi Saa na sababu ya safari, kumzika mama, juu yake muhuri mwekundu ambao hakuna mahakama itakayoutazama.

"Mkamateni," alisema Inspekta. "Ameua. Yupo pale, namuona mtu dirishani."

"Tutamkamata leo leo." Afisa alisema kwa upole, naye alionekana kuumia kweli. "Serikali yako ituandikie. Barua moja, kwa jina letu, hata kwa penseli. Miaka ishirini na miwili tunangoja barua moja."

"Hawataandika. Unajua hawataandika."

"Najua. Na mimi nikimtoa bila barua, nimekubali kwamba mimi ni wilaya."

Inspekta alitazama madirisha ya bluu. Huku hakuwa na pingu, hakuwa na cheo, hakuwa hata na haki ya kubisha hodi. Kisha akageuka akaanza kurudi.

Bwana Mifugo alikuwa amesimama nje akimngoja, daftari kifuani. Aliliweka juu ya meza, akautafuta mstari wake, akaandika saa ya kurudi: kumi na nusu. Kalamu ilipofika kwenye safu ya hali alimwinulia macho, akamtazama usoni, akaandika. Kisha akaligeuza daftari ili asome.

Macho mekundu, amelia.

Inspekta alijigusa shavu, akakuta ni kweli.

Koplo alisaini hati ya kukamata kielelezo kwa mwandiko wake mkubwa wa kitoto, akalifunga daftari kwa kamba. Walikuwa wameshafungua milango ya gari Bwana Mifugo alipowafuata mbio, koti lake likipepea.

"Mama! Ukimuona yule fundi kesho," alisema akihema, "mwambie nampa pole ya mama yake. Alhamisi ile alisimama pale mezani analia, nami nilitaka kumpa pole, nikaogopa. Mbuzi hapewi pole."